Jiko la Upepo la Dada Zakia

Fundi Selemani wa Kijenge alikuwa na tabia ya kugombana na vyombo vya watu. Pasi ikimsumbua ataiuliza imelelewa wapi. Birika la umeme likikataa kuchemsha ataliambia kuwa ndugu zake wote wapo kazini, lenyewe tu ndilo limekaa kama bwana harusi. Wateja walicheka, na vyombo, kwa sababu anazozijua Mungu, vilipona.

Jumanne ile mchana hakutukana chochote. Alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake, ambacho ndicho kilikuwa karakana yake, akaitazama air fryer iliyolala mbele yake ikiwa wazi tumbo. Koili yake ilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Selemani aliusogeza mkono mpaka ukabaki upana wa kidole kimoja kuigusa. Mkono haukuungua. Mkono ulikuwa unapata baridi.

Air fryer hiyo, au jiko la upepo kama mwenyewe alivyokuwa akiyaita majiko hayo, ilikuwa ya dada yake Zakia, na Zakia hakuwa dada wa kusalimiana sikukuu hadi sikukuu. Mama yao alipofariki, Selemani alikuwa na miaka sita na Zakia kumi na sita. Zakia aliacha shule. Alimwogesha, alimpeleka madrasa, aligombana na wajomba waliotaka kuwatenganisha, na Selemani alipotamani ufundi, ni yeye aliyezunguka mjini kumtafutia mwalimu. Selemani alikuwa akisema mbele za watu kwamba ana mama wawili, mmoja yuko makaburini na mwingine anauza kuku wa kukaanga Olasiti.

Asubuhi hiyo Zakia alikuja na jiko kalifunga ndani ya kanga.

"Haipati moto, mdogo wangu. Inazunguka tu."

"Iache hapo dada, jioni nitaangalia."

"Hapana, ifungue sasa hivi nione." Akavuta stuli. "Tena useme na lile neno lako."

"Neno gani?"

"Unalowaambia wateja. Liseme bwana, nisikie."

Selemani alicheka. Lile neno lilikuwa la kuwatuliza wateja wenye moyo mwepesi, wale ambao wakiona skrubu zimetawanyika mezani wanataka kubeba chombo chao nusu kizima wampelekee fundi mwingine. Alikuwa akiwaambia kabla ya kushika bisibisi: nikishafungua, ni changu mpaka kipone. Basi akamwambia dada yake vilevile, kwa madoido ya kumfurahisha, "Nikishafungua, ni changu mpaka kipone," akazungusha skrubu ya kwanza.

Zakia alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Akainuka papo hapo. Hakunywa chai, hakuingia ndani kumsalimia wifi yake Faudhia, wala hakumwita Tunu, mtoto wa Selemani wa miaka minne, ambaye siku zote alikuwa akimbeba mgongoni kabla hata hajasema hodi. Selemani alijiambia labda kuku wameachwa kwenye mafuta.

Sasa alikuwa ameikagua air fryer kwa utaratibu, maana fundi asiye na utaratibu ni mpiga ramli. Waya wa kuchomeka, mzima. Fyuzi ya joto, ile inayokatika chombo kikizidi moto, nzima. Swichi ya droo inabofya. Feni inazunguka. Koili ameipima kwa mita, nzima, tena umeme unaingia wote. Chombo hakikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa ule mmoja, kwamba kilikuwa kinawaka bila kutoa joto.

"Labda umeme wa hapo kibarazani ni mdogo, Baba Tunu," Faudhia alisema kutoka mlangoni. "Lete huku jikoni tujaribu na viazi."

Mdogo au mkubwa, umeme hauwezi kuiwasha koili nyekundu ikabaki na baridi. Selemani alilijua hilo vizuri sana. Lakini fundi aliyekwama husikiliza hata ushauri wa mpita njia, kwa hiyo akaifunga, akaiingiza ndani mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Faudhia akamenya viazi, akavikata, akavipaka mafuta na chumvi. Wakaweka dakika ishirini.

Ilipolia kengele Faudhia alivuta droo, akairudisha haraka. Harufu ilikuwa imejaa jikoni, harufu ya jivu lililomwagiwa maji, ya jiko la mkaa lililozimwa kwa ndoo. Selemani akaivuta droo tena. Viazi vilikuwa vimegandana na kuota ukungu mweupe wa barafu, kama nyama ya kwenye friji la bucha.

Alichomoa waya ukutani. Feni ikanyamaza. Ndipo, ndani ya ukimya ule, wakasikia mtu anapuliza.

Fuu. Kimya. Fuu. Ilikuwa sauti ya taratibu na ya upendo kabisa, kama mama anavyopoza uji wa mtoto kwenye kijiko.

"Baba," Tunu aliuliza kutoka kwenye mkeka, akijipapasa nyuma ya shingo, "nani ananipuliza?"

Mwezi wa saba Arusha hakuna anayeshangaa baridi. Meru ilikuwa haijaonekana wiki nzima kwa mawingu, watu walitembea na makoti na mablanketi, na kila aliyeingia kibarazani kwa Selemani alisugua viganja. Kwa hiyo siku mbili za kwanza Selemani na mkewe walidanganyana kwa amani. Chai ikipoa kabla ya kufika mdomoni, ni hali ya hewa. Jiko la gesi likiwaka bluu saa nzima na maji ya ugali yasichemke, ni mtungi unaishia. Waliitoa air fryer wakaiweka stoo, na Faudhia akaifunika gunia bila kuambiwa.

Siku ya tatu Tunu hakuamka kucheza. Alikuwa amejikunja chini ya mablanketi mawili, macho wazi, midomo ya rangi ya zambarau, na Faudhia alipomgusa tumbo alipiga kelele iliyowatoa majirani. Walimkimbiza zahanati. Nesi akaweka kipimo cha joto kwapani, akakitazama, akakitikisa, akaenda kuleta kingine. Kile nacho hakikusoma kitu. Akaweka kwapani kwake mwenyewe, kikasoma vizuri.

"Huyu mtoto hana homa, hana malaria, mapafu safi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini sijawahi kumshika mtu mwenye afya akawa wa baridi hivi. Mmekuwa mkimlaza wapi?"

Selemani alimpigia Zakia simu, maana tangu akiwa mdogo, likimfika jambo, wa kwanza kuambiwa ni Zakia. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena. Mara ya tisa simu haikuwa hewani.

Kesho yake asubuhi walikwenda Nduruma kwa Maalim Shamsudin, mtu aliyesifiwa kwa kutoa mashetani na kwa vitunguu. Walimkuta shambani amevaa mabuti, anafungua mfereji kwa jembe.

"Semeni hukuhuku nikimwagilia," alisema. "Zamu yangu ya maji inaisha saa nne, na mwenye zamu inayofuata hasikii la jini wala la binadamu."

Walisema. Maalim alikuwa akichota tope na kuitikia kwa mguno, mpaka Faudhia alipomfunua Tunu usoni. Hapo aliliacha jembe likaanguka ndani ya maji. Akakaribia, akanusa juu ya kichwa cha mtoto.

"Jivu," alisema.

"Jivu lililozimwa," Selemani akasema.

"Kuna majini yanayokula damu, yapo yanayokula sauti. Hili linakula joto. Linaanza na la kwenye vyombo, halafu linamtafuta mwenye moto mwingi ndani ya nyumba, na mwenye moto mwingi siku zote ni mtoto mdogo." Akamgeukia Selemani. "Lakini halipigi hodi lenyewe. Linafungwa ndani ya chombo, na linakuwa la mtu atakayekifungua kwa mkono wake, akakiri kwa ulimi wake kwamba ni chake. Ulikiri?"

Selemani alimwona tena Zakia juu ya stuli, akisema, liseme bwana, nisikie.

"Aliyekuletea alijua, kijana. Hakuna anayelifunga jini kwa bahati mbaya."

"Ni dada yangu, Maalim. Huyo ndiye aliyenilea."

Maalim alitazama maji yaliyokuwa yakipotea bure kwenye njia. "Basi nenda kamuulize kama atalichukua lake. Akikiri kwa ulimi kwamba ni lake, litarudi kwake. Mkishindwana nitakuja kesho saa saba mchana, saa ya majini kupita. Usichelewe. Mtoto huyu hana siku tatu."

Olasiti, Zakia alikuwa uani akigeuza kuku kwenye karai. Mafuta yalichemka kwa kelele, mvuke ukapanda, na mtoto wake Muzammil, ambaye mwezi uliopita walisikia anaumwaumwa, alikuwa anapiga danadana kifua wazi huku jasho linamtoka. Selemani alimtazama mtoto yule, halafu dada yake.

"Shikamoo dada."

Zakia hakuitikia.

"Tunu anakufa," Selemani akasema.

"Usiseme hivyo."

"Ulinifanya niseme lile neno. Ulikaa mbele yangu, dada, ukanisubiri nilitamke."

Zakia alimfukuza Muzammil akachezee nje, akafunga mlango wa uani. Akasimulia akiwa ameangalia chini, haraka haraka, kwa mnong'ono. Biashara ilikuwa imelala. Mganga mmoja alimpa mgeni wa kumvutia wateja, na sharti la mgeni lilikuwa dogo, kwamba moto wa kwanza wa kila siku ni wake. Wateja wakajaa. Asubuhi moja tu Zakia alisahau akawasha jiko kwa ajili ya uji, na jioni yake Muzammil akaanza kutetemeka. Akarudi kwa mganga analia. Mganga akalifunga jini lile ndani ya air fryer na kumwambia amtafute mtu wa kulifungua.

"Ukanitafuta mimi."

"Nilifikiria watu wote, Sele. Wallahi nilifikiria mpaka nikaumwa kichwa. Ukimpa mtu chombo kilichofungwa atauliza kina nini. Fundi tu ndiye haulizi." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Na wewe ulikuwa unaniamini."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na Selemani alikuwa amelisikia neno hilo misibani na kwenye kesi za watu, akalitikisia kichwa kama watu wengine. Hakujua kwamba linauma mwilini hasa, chini ya mbavu, mahali ambapo mtu anaweza kuweka kidole. Alimpigia magoti, yeye mtu mzima wa miaka thelathini na minne, palepale kwenye manyoya ya kuku.

"Sema ni lako, dada. Sema tu. Halafu tutalitoa pamoja, Maalim yupo, nitakuwa na wewe mpaka mwisho."

Zakia alitikisa kichwa. Alikitikisa hata kabla hajamaliza kusikiliza.

"Mafundi wamejaa mjini," alisema. "Mpelekee mmoja usiyemjua."

Na Selemani alimpelekea. Hilo lazima lisemwe, maana vinginevyo asingekuwa binadamu. Alirudi nyumbani, akaliweka jiko ndani ya mfuko, akaenda nalo upande wa pili wa mji, akasimama mbele ya meza ya fundi mmoja ambaye hajawahi kuonana naye. Fundi alikuwa mnene, mcheshi, anaitukana redio. Alimwona Selemani na mfuko wake, akafuta mkono kwenye suruali.

"Karibu kaka. Inasumbua nini hiyo? Lete tuifungue."

Tayari alikuwa ameshika bisibisi. Selemani aliutazama mkono ule, mweusi kwa grisi, wenye kovu la kuungua kwenye kidole gumba kama lake yeye mwenyewe, akasema, "Samahani ndugu, nimepotea njia."

Kesho yake, saa saba kasoro, jua lilikuwa limejitokeza kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, na nje watu wa Kijenge walikuwa wameanika nguo na kucheka. Ndani, Maalim Shamsudin alikuwa amefunga madirisha na kumlaza Tunu kwenye mkeka kati yake na Selemani. Faudhia alishika miguu ya mtoto. Maalim alianza kusoma kwa sauti ndogo, na sauti ya kupuliza ikaanza kumjibu, kwanza kutoka stoo, halafu kutoka kwenye sufuria zilizoangikwa, halafu chini ya mkeka wenyewe, fuu, fuu, kila aya ikipata pumzi yake, na kadiri alivyosoma ndivyo baridi ilivyopanda kutoka sakafuni ikapita magotini na kiunoni mwao, ukungu ukaota kwenye kioo cha kabati, mate yakawa mazito mdomoni mwa Selemani, na ile harufu ya jivu ikawajaa puani hadi Faudhia akaanza kukohoa bila kuiachia miguu ya mwanawe, miguu ambayo sasa ilikuwa imekakamaa, na Tunu, ambaye tangu juzi hakuwa amesema neno, akafungua macho akamtazama baba yake, akatabasamu tabasamu la mtu mzima.

"Sikuvamia," alisema kwa sauti isiyokuwa yake. "Nilikaribishwa."

"Toka," Maalim akasema.

"Nitoke niende wapi? Mwenye nyumba alikiri. Mwanamke yule kanikana mbele ya kuku wake, nilimsikia. Nimebaki na huyu." Akapuliza kidogo, na taa ya ukutani ikapasuka. "Mtoto huyu ni mtamu. Yule wa kwanza hakuwa mtamu hivi."

Faudhia alilia kwa sauti. Maalim aliinama kwenye sikio la Selemani, naye alikuwa anatetemeka. "Halitaki kwenda porini. Linataka mtu. Ipo njia moja tu, kijana, na sikushauri. Linaweza kukaa kwa aliyekiri, peke yake, asiguswe mwingine. Lakini kulitoa humo sijui. Mwalimu wangu pia hakujua."

"Tunu atapona?"

"Atapona leo hii."

"Baba Tunu, ngoja!" Faudhia alisema, halafu akamtazama mwanawe, akauma kanga yake. Selemani hakumlaumu. Angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo. Alifungua vifungo vya shati mpaka chini, akamnyanyua mtoto akamweka kifuani, akasema polepole ili lisikosewe hata herufi:

"Ni langu mimi. Mke hayumo, mtoto hayumo. Mimi peke yangu."

Halikumwingia kwa kishindo. Lilimwingia kama maji ya mfereji yanavyoingia kwenye tuta, likajaza kwanza tumbo, halafu mikono, halafu vidole kimoja kimoja. Kitu cha mwisho alichokihisi chenye joto kilikuwa mkojo wa Tunu ukimwagika juu yake, na mtoto akalia kilio chake mwenyewe, cha njaa, akataka uji.

Mwezi wa kumi Zakia alikuja. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu limetanda, na watu wote walikuwa vivulini. Selemani alikuwa amekaa kibarazani na koti zito, kofia ya sufu na glavu. Alisimama kumpokea, kwa sababu, pamoja na yote, moyo wake ulimrukia dada yake kama zamani, na alilichukia jambo hilo lakini hakuweza kulizuia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Sele." Macho yake yalikuwa yanamtafuta mtoto. Tunu akatoka ndani mbio, shavu limejaa, akamrukia shangazi yake kiunoni. Zakia alimkumbatia, akamnusa, akalia, akamshukuru Mungu mara nyingi. Alikuwa ameleta magauni mawili. Faudhia alimwekea chai kwenye stuli, akarudi ndani bila kumwangalia. Zakia akanywa funda moja, akajifuta uso, na taratibu akawa yule Zakia wa siku zote, mwenye maneno, mwenye kujua la kufanya.

"Nilijua utaweza," alisema, akainama karibu, akateremsha sauti. "Hivi ulimpa nani?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza duka zuri la vitambaa. Ndipo Selemani alipoelewa kwamba miezi mitatu yote dada yake alikuwa amelala vizuri. Alikuwa amemsamehe mdogo wake dhambi ambayo mdogo wake hakuifanya, na kwa msamaha huo akajisamehe na yeye.

"Sijampa mtu."

Zakia alitabasamu, akisubiri utani uishe. Halafu aliliona koti. Akaiona kofia, akaziona glavu, akaona jinsi mtoto alivyokuwa amesimama upande wa pili, mbali na baba yake kwa hatua mbili, kama aliyefundishwa. Alikiweka kikombe chini polepole sana.

"Dada," Selemani akasema. Akavua glavu ya kulia, akamnyoshea mkono. Hakutaka kumdhuru, wala mkono wake haukuwa na uwezo huo, ila baridi tu, Maalim alishawahakikishia. Alitaka kushikwa tu, na mtu aliyewahi kumwogesha.

Zakia alikuwa ameshafika ngazini. Alikuwa ameificha mikono yote miwili ndani ya kanga.

"Niwahi kabla jua halijazidi," alisema.

"Ngoja nikusindikize."

"Usinisindikize, Sele." Alirudi kinyumenyume hatua moja, ya pili. "Baki hapo hapo. Usije."

Aligeuka, akaenda, na alipofika kona akaanza kukimbia, mwanamke mzima wa heshima, viatu mkononi. Majirani walimtazama yeye, kisha wakamtazama Selemani.

"Baba," Tunu akauliza, "shangazi kaogopa nini?"

Selemani alimwita Faudhia amwingize mtoto ndani. Alimwita kwa haraka, kwa ukali hata, maana alikuwa anaanza kulia, na hakutaka Tunu aone machozi ya baba yake yanavyoganda kabla hayajafika kidevuni.